Umepunguzwa kazi na unataka kwenda chuo kikuu? Hela itoke wapi, hatua kwa hatua (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Naandika hii sababu msimu wa kuomba vyuo ukifika maswali ni yaleyale. "Kaka mi nina miaka 38, Bodi ya Mikopo watanipa mkopo?" "Nimelipwa milioni na kitu, nianze chuo au nifungue duka?" "Nilimaliza fomu siksi 2009, vyeti bado vinafaa?" Nikimaliza kumjibu mmoja, kiwanda kingine cha minofu kinapunguza watu sababu sangara hamna, na hao nao wanakuja na maswali hayohayo. Mi nakaa steshenari huku Nyegezi najazia watu maombi mtandaoni, kwahiyo haya ninayoyasema nayaona mezani kwangu kila mwaka.

Majibu ya haraka kwanza. Miaka 38, Bodi hapana. Vyeti vya 2009 havijaoza, vinafaa kuombea chuo, ila kuombea mkopo ni habari nyingine na nitaieleza. Duka au chuo siwezi kukuchagulia, ila ukifanya hesabu ya hatua ya 4 utajijibu mwenyewe.

Na kabla hujaendelea weka hili kichwani: ada ya mwaka wa kwanza karibu kila mtu anaipata, kwa kuuza pikipiki, kwa mgao wa kikoba, kwa shemeji aliyeko Geita. Watu wazima wanaangukia mwaka wa pili. Ukiniuliza "ada shilingi ngapi" nami nakuuliza, mwaka wa pili utalipa na nini? Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Tafuta bahasha moja ngumu, kila kitu kikae humo, na upige picha zote uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, sio kwenye simu tu maana simu zinaibiwa pale Buzuruga kila siku.

- Barua ya kuachishwa au kupunguzwa kazi. Hii ndo mama wa zote. Bila hii NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) utazungushwa.
- Mkataba wa kazi na salari slipu, hata za miezi michache ya mwisho.
- Cheti cha utumishi toka kwa mwajiri. Kisheria anatakiwa akupe, usiombe kama unaomba msaada.
- Namba ya NSSF (au PSSSF kama ulikuwa serikalini) na namba ya NIDA.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo.
- Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au diploma na transkripti yake.
- Akaunti ya benki yenye majina sawasawa na ya kwenye NIDA. Nasema sawasawa, sio yanayofanana.
- Barua pepe ambayo paswedi yake unaijua WEWE, sio mtoto wa jirani aliyekufungulia.

HATUA YA 1: Kusanya chako kwanza, chuo baadaye

Wengi wakiachishwa wanachukua kilichowekwa mezani, wanasaini, wanaondoka. Tulia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ukiachishwa unadai: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukwenda, notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, au alipwe hela badala yake), kiinua mgongo kama umefanya kazi mfululizo kuanzia miezi 12, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama walikutoa sehemu nyingine.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Mfano, mshahara wa msingi 520,000, wiki ya kazi siku 6, kwahiyo siku moja ni kama 20,000. Umefanya miaka 6. Siku 7 mara 20,000 mara miaka 6 inakuja 840,000. Ongeza notisi ya mwezi 520,000, tayari una 1,360,000 kabla ya likizo. Walioachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu kiinua mgongo hawapati.

ONYO KUBWA, na hapa naomba usome mara mbili. Usisaini barua ya "kuacha kazi kwa hiari" eti sababu HR amekwambia ndo utaratibu na ukisaini utalipwa haraka. Ukishasaini umeacha mwenyewe, kiinua mgongo kinapotea na lile fao la NSSF la kukosa ajira linapotea vilevile, maana halilipwi kwa mtu aliyejiuzulu. Karatasi moja tu hiyo. Kama wamekupunguza, barua iandikwe wamekupunguza.

Ukiona umeonewa, nenda CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Mwanza ofisi ipo. Malalamiko ya kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30. Madai mengine kama mshahara ambao haujalipwa ni siku 60. Wakili sio lazima, unaweza kujisimamia mwenyewe au kwenda na mtu wa chama cha wafanyakazi. Watu wanakaa miezi minne wanasubiri "bosi alisema atatupigia", bosi hapigi ndugu yangu.

Halafu NSSF. Fao la kukosa ajira liko hivi: kama umechangia kuanzia miezi 18 unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa miezi 6. Kwa mfano wetu wa 520,000 ni karibu 173,000 kwa mwezi, jumla milioni 1 na elfu 38 hivi. Kama hujafikisha miezi 18 unalipwa nusu ya michango yako, mara moja. Kabla hujaenda angalia kwanza kama michango imepelekwa kweli, wapo waajiri wanakata kwenye mshahara afu hawapeleki.

HATUA YA 2: Jua unaingilia mlango gani

Huwezi kupanga hela kabla hujajua utasoma miaka mingapi. Angalia uko wapi hapa:

a) Una fomu siksi yenye prinsipo mbili na pointi zisizopungua 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, isipokuwa waliomaliza 2014 na 2015, wao alama zinahesabiwa tofauti). Unaomba digrii moja kwa moja, hata kama ulimaliza zamani. Kozi nyingine zinataka zaidi ya hapo.

b) Una diploma yenye GPA ya 3.0 kwenda juu. Unaingia digrii. Utahitaji namba ya uhakiki ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ile wanayoiita AVN, iombe mapema isije ikawa dirisha linafungwa kesho wewe ndo unaanza.

c) Fomu siksi ilikwenda vibaya au diploma GPA ndogo. Kuna kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, unasoma mwaka mmoja, ukifaulu unaomba digrii. Ni mwaka wa ziada wa kulipia, uingize kwenye hesabu.

d) Una fomu foo na miaka mingi kazini. Kuna njia ya kutambuliwa ujuzi, RPL, iko chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), unapeleka vielelezo vya kazi ulizofanya na unakaa mtihani. Sasa hapa watu wanachanganya: VETA nao wana yao ya kurasimisha ujuzi, ile inakupa cheti cha fundi, ni nzuri, ila haikupeleki digrii. Hakikisha unaomba ya TCU.

Maombi ya chuo yanakwenda chuoni kwenyewe mtandaoni, TCU haikupangii chuo. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi unatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda, usipothibitisha nafasi inakwenda. Kila mwaka TCU inaweka mwongozo wa udahili kwenye tovuti yake, bure, kozi zote na sifa zake zimo. Upakue. Ni mrefu lakini wewe unatafuta kurasa za vyuo viwili vitatu tu.

HATUA YA 3: Chagua chuo kwa kuangalia unapolala

Kijana wa miaka 20 anachagua chuo kwa jina. Wewe una nyumba, una watoto, una mama mgonjwa Magu, chagua kwa nauli. Mtu wa Mwanza anayelala kwake ameshakata gharama kubwa kuliko ada yenyewe wakati mwingine.

SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, iko Malimbe, ukishafika Nyegezi umeshafika. CBE wana kampasi Mwanza, ni ya biashara biashara. CUHAS Bugando ni ya afya, chuo kizuri sana ila nakwambia ukweli, ratiba zake za wodini hazikuachii muda wa kutafuta hela, uende pale ukiwa na uhakika wa ada wa miaka yote. Anayelala Sengerema, tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 habari ya kusubiri feri imekwisha, kwahiyo kukaa nyumbani na kusoma mjini kunawezekana zaidi ya zamani, piga tu hesabu ya nauli ya kila siku.

Kwa mtu wa mwaka mmoja mmoja, ambaye hela yake inakuja kidogo kidogo, mi nampeleka Chuo Kikuu Huria bila kusita. Kituo wanacho Mwanza. Unalipia kozi unazosajili, ukipata hela nyingi unasajili nyingi, ukibanwa unasajili mbili, na unaendelea na shughuli zako. Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kukusukuma, mtu anasajili, anakaa kimya, miaka inakwenda. Kama wewe ni wa kusukumwa, tafuta chuo chenye masomo ya jioni.

HATUA YA 4: Hesabu ya mwaka wa pili

Chukua daftari. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Ada 1,300,000 kwa mwaka. Michango mingine (usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya ambayo ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400) tuseme 200,000. Mwaka ni milioni 1.5, miaka mitatu milioni 4.5.

Nauli na chakula cha mchana 4,000 kwa siku, siku 5, wiki 32 za masomo: 640,000 kwa mwaka, miaka mitatu 1,920,000.

Jumla 6,420,000. Bado hujaweka kompyuta na field (mafunzo ya vitendo), na field huwa inasahaulika kila mara afu inaangukia wiki ambazo huwezi kufanya biashara.

Sasa ulichonacho. Notisi na kiinua mgongo 1,360,000. Ile ya NSSF je? Hapa watu ndo wanajidanganya. Kama nyumbani kuna mwenza anayeingiza, weka NSSF kwenye chuo, unafika kama milioni 2.4. Kama wewe ndo unategemewa, ile 173,000 ya kila mwezi ni unga na kodi ya nyumba, usiihesabu kabisa kwenye ada, hata ukiihesabu itaondoka tu.

Mwenye milioni 2.4 anabakiwa na pengo la milioni 4 na kidogo, gawanya kwa miezi 36, ni kama 112,000 kila mwezi. Mwenye 1,360,000 pengo lake ni milioni 5 na elfu 60, yani karibu 141,000 kila mwezi. Hiyo ni baada ya nyumba kula. Jiulize bila aibu, shughuli gani itakuachia 141,000 safi kila mwezi huku unasoma? Ukiwa na jibu la jina, la sehemu na la mtaji, endelea. Jibu likiwa "Mungu atafungua njia", amina, ila subiri mwaka mmoja utafute mtaji kwanza.

Kanuni ninayowapa watu: usianze mpaka una ada na michango ya mwaka wa kwanza, na nusu ya hiyo kwa mwaka wa pili. Kwa mfano huu ni 2,250,000. Mwenye milioni 2.4 anaanza mwaka huu. Mwenye 1,360,000 anaanza Huria kwa kozi chache au anasubiri. Kusubiri mwaka sio kushindwa, kushindwa ni kufukuzwa chumba cha mtihani ukiwa umeshalipa milioni mbili ambazo hazirudi.

HATUA YA 5: Bodi ya Mikopo, kama umri unaruhusu

Vigezo vinavyowatoa watu wazima ni vitatu na vyote wanavisahau: umri usizidi miaka 35 wakati unaomba, usiwe na ajira au mkataba unaokuingizia mshahara, na uwe umemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka 5 iliyopita.

Hicho cha tatu ndo kisu. Una miaka 31, fomu siksi ulimaliza 2013, umri unao lakini miaka 5 imeshapita, hupati. Ila kama baada ya pale ulisoma diploma ukaimaliza juzi juzi, inahesabika diploma. Ndo maana mtu wa miaka 28, 29 ambaye hana haraka namwambia afikirie kuanza diploma kwanza, akimaliza na GPA nzuri anaingia digrii na mkopo anaweza kuomba akiwa hajafika 35. Tangu 2023/24 kuna mikopo ya diploma pia kwa kozi za kipaumbele, angalia kama yako imo.

Ukiwa na sifa:

1. Anza na RITA miezi kadhaa kabla. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo pia. Ndiyo, hata kama una miaka 33 na watoto watatu, wazazi wako wataulizwa.
2. Dirisha likifunguliwa (kwa kawaida katikati ya mwaka) fungua akaunti kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulirudia mtihani una namba mbili, tumia ILEILE uliyoombea chuo. Kosa hili nimeliona likila watu kuliko hata umri.
3. Lipa ada ya maombi kwa kumbukumbu namba inayotoka kwenye mfumo wenyewe. Usimtumie mtu hela kwenye simu yake.
4. Jaza, chapa fomu, ipeleke serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo au hakimu. Mdhamini asaini na picha yake iwepo. Kagua kila ukurasa una muhuri na sahihi, ukurasa mmoja ukikosa wanakurudisha.
5. Skani vizuri, pandisha, na HAKIKISHA umebonyeza kutuma. Nimefungua akaunti za watu waliosubiri bumu (hela ya Bodi ya kujikimu) mpaka Novemba kumbe maombi yalibaki nusu.

Mkopo sio lazima ubebe ada yote, inategemea uhitaji wako ulivyopimwa, na ni mkopo sio zawadi. Ukimaliza na kuajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Na wewe uliyewahi kusoma kwa mkopo wa Bodi zamani: lile deni bado ni lako, na ukipoteza kazi wataarifu usikae kimya.

HATUA YA 6: Kama Bodi haikuhusu

Hapa hakuna chanzo kimoja kitakachokubeba, ni vitatu vinne vinavyopokezana. Kinachowashinda watu sio kiasi, ni TAREHE. Chuo kinataka hela mwanzo wa semista, Oktoba au Novemba, afu tena kama Machi. Hela yako inakuja lini?

Kikoba. Vikoba vingi vinavunja Desemba kwa ajili ya sikukuu na ada za watoto Januari. Kwako wewe mgao unakuja umechelewa semista ya kwanza na umewahi semista ya pili, na katikati kuna Krismasi, utaula. Kaa na wenzio mapema muombe mvunje Septemba, au jiunge na kikundi kinachovunja Septemba. Ukishindwa, kopa ndani ya kikoba Oktoba ulipe kwa mgao wa Desemba, riba yake mnagawana wenyewe.

Biashara ya dagaa. Wengi wa huku wakitoka kiwandani wanakimbilia soko la samaki la Mwaloni Kirumba, sababu ndo wanakojuana na watu. Sawa, ila jua mambo mawili. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwahiyo kila mwezi una siku za kukaa bure, usiahidi malipo siku hizo. Na mvua za vuli zinapiga dagaa za kuanika wakati uleule chuo kinadai ada. Ada ya Oktoba itafutwe kiangazi, Juni mpaka Septemba, jua likiwa kali na dagaa zinakauka siku moja. Ukisubiri Oktoba ndo utafute, utakuwa na magunia ya dagaa zilizochacha na barua ya kudaiwa.

Saccos ya kazini kwako. Ukiachishwa usikimbilie kutoa hisa na akiba zote kabla hujauliza kama unaweza kubaki mwanachama na ukakopea akiba zako. Riba ya huko huwa ya kibinadamu.

Mwenza mwenye mshahara. Mabenki yana mikopo ya elimu kwa watu ambao mshahara unapitia kwao. Mkikaa mkakubaliana yeye akope, andikeni kabisa nani analipa nini, sio kwa kutokuaminiana, ni kwa sababu makato ni ya miaka na ugomvi wa hela hauishi.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao inayotengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu, Nyamagana na Ilemela ipo. Haina riba. Lakini ni ya vikundi na ni ya BIASHARA. Itumie kuzungusha mtaji, faida ndo ilipe ada. Ukilipia ada mtaji wenyewe umewafunga wenzio wote wa kikundi.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuua: usiguse. Apu za mikopo za kwenye simu: usiguse, na kama umeshikwa kooni angalau hakikisha ina leseni, maana mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa yanayokopesha bila leseni na ilikuwa ndefu. Mkopo wa wiki mbili haulipi elimu ya miaka mitatu, hata hesabu haihitaji daftari.

HATUA YA 7: Ifiche hela

Hela ya kiinua mgongo ikishasikika kwenye ukoo, kila mjomba anaumwa. Siku unalipwa, lipa semista ya kwanza siku hiyohiyo kama namba ya malipo unayo, inayobaki iondoke kwenye akaunti ya kadi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unafaa, hela inazalisha kidogo na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi. Akaunti ya muda maalum benki nayo sawa, ila angalia tarehe ya kuiva iwe KABLA ya tarehe ya ada, sio wiki mbili baadaye. Na usimkopeshe mtu "akurudishie mwisho wa mwezi". Shemeji wa Geita yule aliyekuchangia, ndo tu usimnyime.

MAKOSA MENGINE NINAYOYAONA

Kununua laptop ya milioni moja mwezi wa kwanza. Nunua iliyotumika, au tumia maabara ya chuo mpaka mwaka wa pili.

Kuchagua kozi sababu ina wanafunzi wengi. Wewe una miaka kumi ya kiwandani kwenye ubora wa samaki, au stoo, au uhasibu mdogo, soma kitu kinachopanda juu ya hiyo, ukimaliza una cheti NA uzoefu.

Kulipa ada kwa mtu. "Kuna dogo yuko ofisi ya fedha anatupunguzia." Hakuna. Lipa kwa namba ya malipo tu, tunza risiti zote mpaka siku umevaa joho.

Kumtumia mtu hela ya "kufungulia ufadhili". Anayetaka kukufadhili hakuombi elfu hamsini ya kwanza.

UKIKWAMA

Mwajiri hatoi barua wala cheti cha utumishi. Mwandikie barua ya kuomba, apokee na kukugongea muhuri nakala yako. Akikataa kupokea, tuma kwa barua pepe. Kisha CMA. Siku 30 zikiwa zimepita unaweza kuomba kuongezewa muda ila uwe na sababu ya maana yenye ushahidi, "sikujua" haitoshi.

NSSF wanasema michango haitoshi na wewe ulikatwa. Peleka salari slipu zinazoonyesha makato, lalamika kwa maandishi. Kufuatilia mwajiri ni kazi yao, yako ni kuwapa ushahidi.

Majina hayafanani, cheti kinasema Masanja, NIDA inasema Massanja. Usipuuze, mifumo haina huruma. Kiapo cha majina kwa wakili, au hati ya kubadili jina kama tofauti ni kubwa, ufanye kabla ya msimu wa maombi.

Bodi wamekunyima au wamekupa kidogo. Kuna dirisha la rufaa baada ya majina kutoka. Rufaa ya kulia lia haisaidii, peleka kitu kipya ambacho hakikuwepo: barua ya kuachishwa kazi, cheti cha kifo, vielelezo vya ugonjwa. Na usikatae kidogo walichokupa, kipokee, rufaa uendelee nayo.

Ada haijatimia na mitihani ni wiki ijayo. Usijifiche. Nenda ofisi ya fedha na kwa mshauri wa wanafunzi ukiwa na hela uliyonayo na tarehe ya kumalizia iliyoandikwa. Anayekuja na laki tatu na tarehe anasikilizwa tofauti na anayekuja na maneno. Wa Mwaloni, tarehe hiyo isiangukie mbalamwezi.

Umepata kazi katikati ya masomo. Hongera, usiache chuo wala usiache kazi kabla hujauliza kama kozi yako ina masomo ya jioni au kama kozi ulizofaulu zinaweza kuhamishiwa chuo kingine.

Mwaka wa pili umekatika kabisa, hela hamna. Ahirisha kwa barua, kabla ya semista kuanza, ueleze sababu na lini utarudi. Kwenye karatasi mtu aliyeahirisha bado ni mwanafunzi, aliyepotea kimya anafutwa na akirudi anaanza upya kuomba. Kama una mkopo wa Bodi wajulishe nao. Barua yako ya kuahirisha ukaipeleke mwenyewe kwa mkono, na usitoke pale dirishani bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.